Ushuhuda wa Uyoga Mwekundu

Kuna asubuhi moja ya mvua za kwanza ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa nimesahau mengi makubwa kuliko hiyo. Tulikuwa Kitahana kwa shangazi yetu Skolastika, mimi na kaka yangu pacha. Kwetu Buha pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi. Mimi ni Butoyi. Bukuru alinitangulia kuzaliwa kwa muda wa kwenda kisimani na kurudi, na mpaka leo, sote tukiwa na mvi, anadai heshima ya kitambo kile kana kwamba ni miaka kumi.

Asubuhi hiyo tulitoka na umande kwenda kuchuma uyoga kwenye miyombo. Mahindi ya mwaka uliopita yalikuwa yamekwisha na mapya ndiyo kwanza yanachungulia ardhini, kwa hiyo uyoga haukuwa kitoweo cha anasa, ulikuwa chakula chenyewe. Tulirudi na kikapu kimejaa, tunaimba. Shangazi akakipokea, akaketi kizingitini, akaanza kuchambua.

Wanawake wa kijiji kile walikuwa na desturi moja. Uyoga wa porini hauingii chunguni mpaka umepita mikononi mwa watu wawili. Aliyechuma anachambua, halafu mwingine anachambua upya, na huyo wa pili akitupa haulizwi sababu. Hahitaji kuwa na hakika. Shaka yake inatosha.

Karibu na chini ya kikapu Shangazi akaukuta uyoga mmoja mweupe asioupenda, umevunjika, vipande vyake vimechanganyika na mingine. Alikibeba kikapu kizima mpaka shimoni nyuma ya nyumba, akakimimina chote, akafukia. Bukuru alilia kwa sauti.

"Shangazi, si ungetoa huo mmoja tu!"

Shangazi hakupandisha sauti. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akamwambia, "Baba, njaa ya leo nitaitibu kesho. Nikikosea leo, kesho nitampikia nani?"

Tukala muhogo bila mboga. Bukuru alinuna mpaka usingizi ukamchukua. Mimi nilianza siku ile kuelewa kwamba mtu anaweza kukunyima kitu kwa sababu anakupenda.

Sasa nikupeleke mbele, mpaka miaka hii yetu. Mimi na Bukuru tulihamia Kasulu zamani, tukaoa na kuolewa, tukajenga viwanja vinavyopakana. Yeye alikuwa fundi seremala mpaka magoti yalipokataa, na mimi nilifundisha darasa la kipaimara kwa muda mrefu kiasi kwamba sasa nawafundisha watoto wa watoto wa wanafunzi wangu. Namshukuru Mungu kwa hilo. Miyombo imepungua sana. Imekwenda kwenye mkaa, kwenye kukaushia tumbaku, kwenye mashamba mapya. Ukitaka uyoga wa porini siku hizi utembee mbali, na ukifika unakuta wengi wametangulia.

Kwa hiyo alipokuja bibi shamba mmoja kijana kutoka Buhigwe, anaitwa Adela, kufundisha kikundi chetu cha akina mama wa kanisani kulima uyoga nyumbani, nilifurahi kama mtoto. Tulianza na ule mweupe mpana ambao watu wanauita mamama. Huo ni mpole. Unalowesha maganda ya maharage au majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa, unayachemsha ili wadudu na ukungu vife, unayachuja na kuyapoza, unayapanga kwenye mfuko wa nailoni kwa matabaka, tabaka la maganda na tabaka la mbegu. Mbegu yenyewe ni punje za mtama zilizovikwa utando mweupe. Mfuko unaufunga, unautoboa matundu machache, unauweka chumba chenye giza. Utando ukishaenea mfuko mzima ukawa mweupe kama umemwagiwa maziwa, unaupa mwanga kidogo na hewa, unanyunyizia maji sakafuni na ukutani, na uyoga unatokeza.

Bukuru alikuja kuchungulia, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Butoyi, takataka za maharage umezifungia chumbani na unazimwagia maji? Wifi yako akisikia atasema ukoo wetu una matatizo."

Wiki ile ile tuliyovuna, nilimpikia kwa karanga na ugali wa muhogo. Alikula, akakomba sahani, akasema, "Haya, nionyeshe hicho chumba tena."

Uyoga huu ni chakula chema, mwanangu. Una kitu cha kujenga mwili kama maharage, hauna mafuta mengi, unashibisha bila kuhitaji chumvi nyingi. Kwa watu wa umri wetu wenye sukari au presha, kula uyoga mara kwa mara badala ya nyama ya mafuta ni jambo jema, hata waganga wa hospitali wanasema hivyo. Wazee waliopungukiwa meno wanautafuna bila shida. Mimi mwenyewe tumbo langu limetulia tangu nianze kuula.

Lakini si mamama uliotuletea mashaka. Adela alikuja safari nyingine na chupa ya mbegu tofauti. "Huu ni uyoga wa dawa," alisema. "Mwekundu. Haupikwi kama mboga, ni mgumu kama gome. Watu wa Asia wameunywa kama chai tangu enzi na enzi. Tatizo ni kwamba hautaki maganda, unataka mbao."

Sote tukamtazama Bukuru. Nani mwingine mwenye stoo iliyojaa vumbi la mbao?

Huo ndio ukawa mwanzo wa furaha ya uzee wake. Nilimwona akipona unyonge wa kukaa bure, na hilo lilikuwa tiba ya kwanza ya uyoga ule, kabla hata haujaota. Alichagua vumbi la miti migumu tu, akalitenga na la mbao zilizopakwa dawa, maana uyoga hunyonya kila kilichomo. Alichanganya na pumba za mahindi na chokaa kidogo, akaongeza maji taratibu. Alipima kwa konzi. Ukilikamua vumbi mkononi, matone machache tu ndiyo yatoke kati ya vidole. Yakichuruzika, umezidisha. Akashindilia kwenye mifuko inayovumilia moto, akaipanga ndani ya pipa juu ya mawe ili isiguse maji, akafunika, akaifukiza kwa mvuke kutwa nzima. Mifuko ilipopoa kabisa alinawa mikono kama daktari anayekwenda kupasua mtu, akafunga kitambaa mdomoni, akatia mbegu, akafunga haraka. Mfuko mmoja ulipoota ukungu wa kijani hakuuhurumia. Aliutoa nje siku ile ile, akauzika mbali.

Halafu ni kusubiri. Huu mwekundu hauna haraka kama mamama. Mwanzo mifuko inakuwa myeupe, kisha siku moja kinachomoza kitu kama kidole chekundu chenye ncha nyeupe, kinarefuka kuifuata hewa, kinapanuka kama sikio la mtu, kinang'aa kama kabati lililopakwa vanishi. Bukuru alikuwa akiingia kwenye stoo asubuhi akiimba tenzi za kanisani. Wifi yangu, mkewe, akawa ananiambia kwa sauti ya kujifanya ana wivu, "Mimi hajaniimbia tangu tuoane."

Ule weupe wa ukingoni ulipotoweka alivuna. Aliukata vipande vyembamba ukiwa bado mbichi, maana ukikauka hata msumeno unauogopa, akavikausha kivulini penye upepo. Alichemsha kwa moto mdogo muda mrefu, akanimiminia kikombe. Mwanangu, ni chungu! Nilikunja uso.

"Kitu chungu hivi," alisema Bukuru kwa furaha, "lazima kiponye."

Hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Bukuru ana presha. Aligunduliwa miaka kadhaa nyuma, akapewa vidonge vya kumeza kila siku, na alikuwa akivimeza vizuri kwa kununa. Baada ya kunywa chai ya uyoga kwa muda, alianza kulala vizuri. Kichwa kiliacha kumgonga asubuhi. Alipanda mlima wa kanisani bila kupumzika njiani. Mimi simbishii. Kwamba alijisikia vizuri, nilikiona kwa macho yangu.

Kanisani kwetu, kabla ya mahubiri kuna nafasi ya ushuhuda. Mwenye jambo la kumshukuru Mungu anasimama, anaeleza, watu wanapiga vigelegele na ngoma inalia. Ni desturi njema, imeinua mioyo mingi. Ila ujue, kwetu ushuhuda ukishatolewa si wako tena. Ni wa kanisa. Watu wanakwenda nao nyumbani, wanauombea, wanawasimulia wagonjwa. Kuurudia na kusema haikuwa hivyo ni kama kuja Jumatatu kudai mbuzi uliyemtoa Jumapili kwenye sadaka ya mavuno.

Jumapili moja Bukuru akasimama. Akasema, "Wapendwa, mnanijua mimi na presha yangu. Mungu ameumba uyoga, nimeulima kwa mikono yangu, nimekunywa, na leo nasimama mbele yenu nimepona!" Ngoma ikalia. Mama mmoja akacheza mpaka madhabahuni. Nami nilipiga vigelegele, maana sikujua bado maana ya neno lile la mwisho.

Wifi yangu ndiye aliyenijia siku chache baadaye. Alikuwa akitafuta mkasi kwenye sanduku la vifaa vya useremala, akakuta chini ya randa vidonge vya mumewe, havijaguswa. "Wifi, nenda ukazungumze naye," aliniambia. "Mimi nikisema anasema ni mdomo wa mke. Wewe mmekaa tumbo moja."

Nilimkuta kwenye stoo.

"Kaka, vidonge uliacha lini?"

"Nani kakwambia nimeacha?"

"Sanduku la randa."

Akacheka. "Siku hizi hata randa zangu zinanisengenya. Sikiliza, Butoyi. Nalala. Kichwa hakigongi. Nataka nini tena?"

"Umepima?"

"Nipime nini? Nimeshuhudia mbele ya kanisa zima. Leo nikionekana nimepanga foleni ya presha, watu watasema nini? Si nitakuwa nimemfanya Mungu mwongo?"

"Mungu hakusimama Jumapili ile, kaka. Ulisimama wewe."

Akaanza kupanguza mfuko ambao haukuwa na vumbi. Nikamkumbusha kikapu cha Shangazi Skolastika. Nikamwambia mimi ndimi mkono wake wa pili, na shaka yangu inatosha.

"Ule ulikuwa wa porini," alijibu. "Huu najua ulikozaliwa. Nimeulea kama mtoto."

"Sitilii shaka uyoga. Natilia shaka kuacha vidonge."

"Wewe na shule yako ya Biblia."

"Na wewe na ukubwa wako wa kwenda kisimani na kurudi."

Tukacheka wote wawili, na hakubadilika. Sikumgombeza. Nilimfahamu. Ukimsukuma Bukuru anakaa chini, na ukimvuta anakaa chini vilevile. Nilirudi nyumbani nikaomba, nikamsihi wifi apunguze chumvi, na kila siku nikatafuta sababu ya kupita pale kumtazama usoni. Hofu hiyo niliibeba nikifua na nikipalilia. Nilihofu kumkuta ameanguka stoo, katikati ya uyoga wake.

Asubuhi moja tulikuwa tumekaa nje tunakata uyoga, yeye na mimi, akaingia mwanamke kijana jirani yetu, Mama Zawadi. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, yeye amezaliwa hapa hapa Kasulu, analima maharage na kuuza maparachichi sokoni. Ana binti mdogo, Zawadi, mwenye kifafa. Kwa dawa za hospitali mtoto huyo alikuwa ametulia muda mrefu, anasoma, anacheza, hadi watu wengine wakasahau kuwa anaumwa.

"Hodi hapa. Shikamoo Mzee, shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Sikai, Mzee. Nimeacha maharage jikoni. Nimekuja kwa ule uyoga. Ule wa ushuhuda."

Bukuru akanyooka mgongo. "Upo, upo mwingi! Ni wako mwenyewe?"

"Wa Zawadi."

Kisu kikasimama mkononi mwake. "Zawadi si anaendelea na dawa zake?"

"Nimemsimamisha tangu Jumapili, Mzee. Niliona nisichanganye imani mbili."

Mwanangu, nilimwona kaka yangu akibadilika rangi. Kisu akakiweka chini polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Mama Zawadi, rudi nyumbani umpe mtoto dawa yake. Sasa hivi."

"Mbona wewe Mzee uliacha?"

Hakuuliza kwa kiburi. Aliuliza kama mgeni anayeuliza njia, anayetaka tu kujua apite wapi. Bukuru akanitazama. Katika maisha yetu yote nimemsaidia kujibu, kuanzia shuleni, akikosa jibu ananitazama. Safari hii nilitazama uyoga uliokuwa mapajani mwangu.

"Mimi ni mzee," alisema hatimaye. "Yeye ni mtoto."

"Kwani Mungu wa wazee na wa watoto si mmoja?"

Bukuru alisimama, akasema, "Twende," akatoka bila kuvaa kofia, mtu ambaye hatoki hata uani bila kofia. Mama Zawadi akamfuata, nami nikawafuata kwa kasi ya miguu yangu.

Tulimkuta Zawadi peke yake jikoni. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, anapuliza moto chini ya chungu cha maharage, uso wake karibu kabisa na ndimi za moto. Mtoto mwema, anamsaidia mama yake. Hakuna kilichokuwa kimetokea. Lakini sote watatu tuliona kilichoweza kutokea. Bukuru aliingia mbio, yeye na magoti yake yale, akambeba, akamtoa nje, akaketi naye chini kwenye majani, amemkumbatia. Mtoto akacheka, "Babu, unanibana!"

Bukuru alikataa kumwachia mpaka tukakubaliana kwenda wote kituo cha afya. Tabibu alimtazama mtoto, akamweleza mama yake kwa upole namna ya kuanza tena, akamwonya kwamba dawa za kifafa kuzikatiza ghafla kunaweza kuuamsha ugonjwa kwa nguvu kuliko mwanzo. Mama Zawadi alilia kidogo. Hakuna aliyemlaumu. Tulijua sote alikolitoa wazo lile.

Tabibu alipodhani amemaliza, Bukuru akakunja mkono wa shati. "Na mimi, daktari."

Tabibu akamfunga kile kitambaa cha kupimia, akapima. Akapima tena. Akahamia mkono wa pili, uso wake ukiwa hauna tena mzaha.

"Babu, umekuja hapa kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Kaa hapo hapo. Usisimame hata kuniaga."

Walimweka pale mpaka jua likainama, wakimpa dawa na kumpima kila mara. Kichwa hakikuwa kinamgonga hata kidogo. Alijisikia vizuri muda wote ule, mwanangu. Liweke neno hilo akilini.

Nilidhani tabibu atautukana uyoga. Hakuutukana. Alitaka kujua ni aina gani, umekuzwa wapi, unanywewa kiasi gani. Alisema wataalamu bado wanauchunguza, kwamba huenda una faida kwa usingizi na kwa nguvu za mwili, lakini hakuna aliyethibitisha kuwa unaponya presha wala kifafa. Alisema pia unaweza kushusha presha kidogo na kuifanya damu isigande upesi, kwa hiyo ukiuchanganya na dawa kimya kimya unaweza kukuangusha upande mwingine. Mwenye dawa za kuzuia damu kuganda, anayesubiri upasuaji, na mama mjamzito asiuguse bila kuuliza. "Babu, kula ule mweupe wako kadiri unavyotaka," alimaliza. "Huu mwekundu kwanza uache mpaka presha itulie. Ukitaka kuurudia, njoo tupange na tupime. Usinifiche, basi."

Nilitembea na Bukuru mpaka mlangoni kwake. Kisha akasema, "Jumapili nitasimama."

"Si lazima mbele ya watu wote. Unaweza kumwambia mchungaji."

"Nilisema mbele ya watu wote."

Jumapili ikafika. Wakati wa ushuhuda alisimama, na watu wakaanza kutabasamu kabla hajafungua kinywa. Mpiga ngoma akaweka fimbo tayari. Bukuru akainua mkono kumzuia.

"Wapendwa," alisema, "siku ile niliwaambia nimepona. Sikuwa nimepona. Nilikuwa najisikia vizuri, nikaiita hali hiyo kupona. Mungu hakunituma niseme vile, nilijituma. Uyoga wangu ni mzuri na nitaulima mpaka nife, atakaye kujifunza aje, sitamficha kitu. Lakini vidonge vyangu ni hivi." Akavitoa mfukoni, akaviinua. "Nimevimeza leo asubuhi, na nimemshukuru Mungu kwa aliyevitengeneza kama nilivyomshukuru kwa uyoga. Kama yuko mtu humu aliyeacha dawa kwa sababu ya maneno yangu, namwomba akameze leo, au akamwone daktari leo. Asingoje ibada iishe."

Akaketi. Hapakuwa na ngoma wala vigelegele. Mtu mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba mzee amerudi nyuma kiimani.

Ndipo mzee mmoja wa safu za mbele akachukua fimbo yake, akainuka, akatoka nje taratibu. Nilidhani amekasirika. Kisha mwanamke mmoja wa kwaya akavua joho lake, akalikunja kitini, naye akatoka. Kisha mwingine kutoka upande wa akina baba, ameinamisha kichwa. Kisha mama na binti yake. Sikuwahesabu, sikuwa na moyo wa kuwahesabu. Kaka yangu alikuwa anawatazama mmoja mmoja wakipita mlangoni, machozi yanamtiririka hadi ndevuni, na mchungaji akasimama kimya akawangoja wote watoke.

Leo Bukuru yu hai, na presha yake inapimwa kila mwezi. Ameyasoma niliyoandika mpaka hapa na ameniruhusu, kwa sharti niongeze kwamba ujanani alikuwa mzuri wa sura. Basi nimeongeza.

Mwanangu, nikuambie sasa ninachotaka ukishike. Lima uyoga. Huhitaji shamba kubwa, chumba kimoja safi chenye giza na subira vinatosha. Anza na mamama, ule na watoto wako, umpelekee jirani mgonjwa bakuli la mchuzi wake. Ukizoea, jaribu huu mwekundu, na ununue mbegu kwa mtu unayemjua, si kuokota magome mekundu porini ukayachemsha. Fanya kazi kwa usafi, na mfuko ulioharibika uzike bila kuhuzunika.

Lakini jifunze kutofautisha kujisikia vizuri na kupona. Kujisikia vizuri utakujua mwenyewe. Kupona, waulize wanaopima. Ukinywa kitu cha nyumbani, mwambie daktari wako bila aibu, na dawa uliyopewa usiiache kwa siri. Imani haipungui kwa kidonge. Aliyekupa uyoga ndiye aliyempa akili mtengenezaji wa kidonge, na ukivipokea vyote kwa shukrani humkosei.

Na ukisimama kushuhudia, kanisani, msikitini, sokoni au kwenye simu yako hiyo unayowatumia watu mia kwa kidole kimoja, sema ulichokiona na uishie hapo. Yuko mama mahali fulani anayekusikiliza akiwa amemshika mtoto mkono. Na ikitokea umesema zaidi ya ukweli, usione haya kusimama tena mahali pale pale. Kaka yangu hakupigiwa ngoma siku ile, lakini katika miaka yote niliyokaa naye sijawahi kumheshimu kama nilivyomheshimu alipoketi.

Mungu aliyeotesha chakula gizani akuoteshee riziki mahali usipopategemea. Akupe mwili wenye afya, na siku utakayougua akupe watu wa kukuambia kweli kwa upole. Ulimi wako uwe dawa kwa wanaokuamini. Uzeeke ukiwa na ndugu wa kucheka naye uani, na watoto wa nyumba yako wakae salama mbali na moto. Amina.